Masika hayafuti likizo ya uzazi: kisa cha mfanyakazi wa hoteli Unguja

Kisa hiki nimekipanga mwenyewe. Hoteli hii haipo kwa jina wala mwanamke huyu hayupo kwa sura, lakini kila kilichomkuta ni jambo linalowakuta wanawake wanaofanya kazi katika hoteli za ukanda wa mashariki. Nimekusanya yote ndani ya mtu mmoja ili tuyafuate hatua kwa hatua na kuona haki yake ilipotea wapi na ilirudi kwa njia gani.

Mwanamke huyu kwao ni Wete, Pemba, ameolewa Unguja na anaishi Jambiani. Kazi yake ni usafi wa vyumba katika hoteli ya ufukweni. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja, kuanzia 1 Julai hadi 30 Juni, na huu ni wa pili mfululizo. Mshahara ni shilingi 420,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kampuni inayoendesha hoteli ina makao yake Dar es Salaam, na mikataba ya wafanyakazi wote inachapishwa huko na kuletwa Unguja kutiwa saini.

Alipojua kuwa mjamzito alimwambia msimamizi wake kwa mdomo. "Hongera dada, ukikaribia utatwambia," akajibiwa, na mambo yakaishia hapo. Mwezi wa Januari alikwenda ofisini kuuliza. Akafunguliwa mkataba wake akaoneshwa kifungu kinachosema mfanyakazi wa kike atapata likizo ya uzazi ya siku 84 kwa nusu mshahara. Alirudi nyumbani na jibu hilo, akaanza kupiga hesabu za nusu mshahara.

Shangazi wa mumewe, mwalimu wa skuli aliyestaafu, ndiye aliyemwambia aandike barua. Tarehe 12 Februari akaandika kwa mkono, ukurasa mmoja: ana mimba, tarehe ya makadirio ni 20 Machi kama inavyoonekana kwenye kadi ya kliniki, na anaomba kuanza likizo ya uzazi tarehe 10 Machi "kwa mujibu wa sheria". Hakutaja siku 84. Akaambatanisha kivuli cha kadi, akapeleka nakala mbili, moja wakabaki nayo, nyengine ikagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Karatasi hii ndogo ndiyo iliyokuja kubeba kesi nzima, kwa hiyo nitairudia.

Mtoto alizaliwa tarehe 17 Machi katika hospitali ya Makunduchi. Mama yake mzazi akavuka kutoka Pemba kuja kumuuguza. Tarehe 28 Machi, mtoto ana siku 11, mfanyakazi mwenzake akaja nyumbani na fomu. Hoteli inafungwa Aprili na Mei kwa ajili ya masika, wafanyakazi wote wanakwenda likizo bila malipo, wenzake wameshasaini, amebaki yeye. Bibi wa mtoto akajibu kwa niaba yake: "Mwanangu yumo ndani ya arobaini. Hilo karatasi litasubiri." Fomu ikarudi bila saini.

Mwisho wa Machi zikaingia shilingi 280,000: siku 9 alizofanya kazi kwa 14,000 na siku 22 za likizo kwa 7,000. Aprili hakikuingia kitu. Tarehe 15 Mei ukaja ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa msimamizi: "Dada habari za mtoto. Usafi mkubwa unaanza tarehe 18. Arobaini si umeshatoka? Uje tusaidiane." Mei nayo ilikuwa inakwisha bila mshahara.

Ukilitazama jambo hili juu juu utaona ni ugomvi wa pesa. Mimi naona makosa matano tofauti yaliyolundikwa pamoja, na kila moja lina jibu lake.

La kwanza, na ndilo mama wa mengine, ni sheria iliyotumika. Kazi na ajira si miongoni mwa mambo ya Muungano. Kuna mambo 22 kwenye nyongeza ya kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, na ajira ya sekta binafsi haimo. Ndiyo maana Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, na Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 pamoja na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1 ya 2005. Sheria ya Bara inatoa siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, na siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Sheria ya Zanzibar inatoa siku 90 kwa malipo kamili, na siku 100 kwa pacha au zaidi. Zote mbili zimeweka likizo hii mara moja katika kipindi cha miaka mitatu.

Mwanamke huyu anafanya kazi Unguja, ameajiriwa kwa kazi ya Unguja na analipwa kwa kazi ya Unguja. Haidhuru makao ya kampuni yako wapi wala mchapishaji wa mkataba alikaa wapi. Sheria inayomhusu ni ya 2005 ya Zanzibar. Kampuni haikumnyima siku sita kwa chuki. Ilinakili mkataba wa Dar es Salaam ikabadilisha jina la kituo cha kazi, basi. Lakini siku sita za mtoto wa miezi miwili na nusu si kitu kidogo, na kosa la karatasi halimpunguzii mtu haki.

Niseme hapa kwa wengine wanaosoma: mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi anatazama Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 2 ya 2011 na kanuni zake, na aliye katika taasisi ya Muungano iliyopo Zanzibar ana utaratibu wa utumishi wa Muungano. Swali la kwanza la kila mwanamke linabaki lile lile, yaani mimi niko chini ya sheria ipi. Ukilikosea hilo, utadai siku zisizo zako au utaziacha zilizo zako.

Kosa la pili ni hiyo nusu mshahara. Imetoka wapi? Si kwenye sheria ya uzazi ya Zanzibar wala ya Bara. Nadhani najua ilikotoka. Sheria ya Bara ina likizo ya ugonjwa ya siku 126, ambapo 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili na 63 za baadaye hulipwa nusu. Aliyetunga mkataba huu alichukua nusu ya ugonjwa akaitia kwenye uzazi. Hili linaniudhi, kwa sababu nyuma yake iko fikra kwamba mzazi ni mgonjwa, na kwamba mgonjwa akikaa sana apunguziwe. Mzazi si mgonjwa. Likizo yake imetengwa peke yake kwenye sheria, ina siku zake na malipo yake, na haigusi siku za ugonjwa wala za likizo ya mwaka.

Malipo kamili maana yake ni nyepesi kuikagua kwenye karatasi ya mshahara: kiwango kisibadilike. Machi alitakiwa apate 420,000, akapewa 280,000, pungufu 140,000. Aprili 420,000. Mei 420,000. Hadi mwisho wa Mei hoteli inadaiwa 980,000, na mshahara wa Juni uje mzima, ukijumlisha siku saba za mwisho za likizo na siku atakazofanya kazi. Bakshishi za wageni ni suala jengine. Hizo zinatoka mkononi mwa mgeni na hazimo kwenye mshahara, kwa hiyo mwanamke anayezitegemea ni vyema ajiwekee akiba kabla ya kuanza likizo.

Je, mkataba si aliusaini mwenyewe? Aliusaini. Hoja hii meneja aliitoa kwa kujiamini sana, na wafanyakazi wengi huinama wanapoisikia. Jibu ni kwamba sheria ya kazi imeweka kiwango cha chini. Mkataba unaweza kumpa mfanyakazi zaidi ya kiwango hicho, mathalan siku 120, lakini hauwezi kumpa chini yake. Kifungu kinachoshuka chini ya sheria kinaanguka chenyewe na sheria inachukua nafasi yake. Saini ya mfanyakazi haikiokoi.

Sasa kosa la tatu, masika, na hapa ndipo kisa hiki kinapokuwa cha Zanzibar khasa. Kila mwaka mvua za Machi hadi Mei zinapoteremka, wageni wanapungua, na hoteli nyingi za pwani hufunga Aprili na Mei kwa matengenezo. Baadhi huwarudisha wafanyakazi nyumbani bila mshahara mpaka Juni. Watu wameizoea hali hii kiasi cha kuiona ni sehemu ya kazi. Hoja ya meneja ilikuwa hivi: wenzako wote hawalipwi miezi hii, kwa nini wewe ulipwe kwa kukaa nyumbani?

Hoja hiyo ina uzito wa kibinadamu, na mwanamke mwenyewe aliona haya kidogo mbele ya wenzake. Lakini kwa maoni yangu ina matundu mawili makubwa.

Tundu la kwanza ni kwamba likizo bila malipo ni makubaliano. Mkataba wa mwaka mmoja wenye mshahara wa kila mwezi haujisimamishi kwa sababu mvua imenyesha. Waliosaini fomu walikubali, na kama walikubali kwa hiari ama kwa kuogopa kukosa kazi Juni, hilo nalo linastahili kuangaliwa siku yake. Yeye hakusaini. Neno la mama yake pale mlangoni, bila ya yeye kujua sheria, lilimlinda.

Tundu la pili lina nguvu zaidi. Likizo yake ya uzazi ilianza tarehe 10 Machi, na barua iliyogongwa muhuri inathibitisha. Fomu ya masika ililetwa tarehe 28. Siku ambazo tayari ni likizo ya uzazi yenye malipo haziwezi kugeuzwa kuwa siku za bila malipo kwa karatasi iliyokuja baadaye. Hoteli iwe wazi au imefungwa, siku 90 zinaendelea kuhesabika kutoka 10 Machi: siku 22 za Machi, 30 za Aprili, 31 za Mei, na 7 za Juni. Tarehe 7 Juni ndiyo ya mwisho na tarehe 8 ndiyo ya kurudi kazini.

Ukitaka kuona barua ya Februari ilifanya nini, iondoe. Bila barua, likizo ilianza lini? Meneja angesema mfanyakazi aliacha kuja kazini Machi, na sisi tukasubiri Juni. Ingekuwa neno lake dhidi ya neno la msimamizi aliyempa hongera. Na kule kuandika "kwa mujibu wa sheria" badala ya "siku 84" kulimwepusha na hoja nyengine, kwamba yeye mwenyewe aliomba 84. Kwa hiyo kila mwenye mimba aandike, aambatanishe kadi ya kliniki au cheti cha daktari, ataje tarehe ya kuanza, na abaki na nakala iliyopokelewa. Akikataliwa muhuri, atume kwa WhatsApp au barua pepe ili tarehe ibaki mahali. Afanye hivyo mapema. Sheria ya Bara inataka taarifa ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio, na hata kwa Zanzibar mimi nashauri muda kama huo, maana unamnyima mwajiri kisingizio cha kushtukizwa.

Kosa la nne ni arobaini. Ujumbe wa tarehe 15 Mei uliandikwa kwa upole, na aliyeutuma huenda alidhani anauliza jambo la kawaida. Kwetu mzazi hukaa ndani siku 40, akakandwa, akapikiwa uji wa pilipili manga, na siku ya arobaini hutoka. Mtoto wa 17 Machi arobaini yake ilitimia tarehe 25 Aprili. Mila hiyo ni ya kheri na imewahifadhi wazazi wengi kabla ya kuwepo sheria yoyote ya kazi. Lakini arobaini haikuwekwa ili kumrudisha mtu kazini. Ni siku za mwili kupona. Likizo ya siku 90 ina jengine ndani yake, nalo ni mtoto kunyonya. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kwa hiyo hata siku 90 zinafika nusu ya safari tu. Kiwango cha Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, ni wiki 14, yaani siku 98. Sheria yetu iko chini kidogo ya hapo. Kupunguza tena hadi arobaini ni kumnyang'anya mtoto.

Alijibu ujumbe ule vizuri, na naunakili kwa sababu wengi hukwama hapa kwa kuogopa kuonekana wakaidi: "Ahsante, mtoto hajambo. Likizo yangu ya uzazi inamalizika tarehe 7 Juni kwa mujibu wa sheria. Nitaripoti kazini tarehe 8 inshaallah. Naomba pia nijulishwe kuhusu mshahara wa Aprili." Hakugombana. Aliweka tarehe, na akauliza pesa kwa maandishi.

Kosa la tano liligunduliwa kwa bahati. Mfanyakazi wa sekta binafsi aliyesajiliwa anachangia Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, na miongoni mwa mafao ya mfuko huo limo fao la uzazi. Fao hili halihusiani na mshahara wa likizo. Mshahara unalipwa na mwajiri, fao linalipwa na mfuko kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya michango. Wanawake wengi hawalidai kwa kudhani wakilipwa na mwajiri imetosha, na waajiri wengine husema mshahara wa likizo "utalipwa na ZSSF". Si kweli. Alipokwenda kuulizia fao lake akatolewa taarifa ya michango, akaona baadhi ya miezi haina kitu ilhali mshahara wake ulikatwa. Hapo akapata dai jengine la haki kabisa: pesa zilizokatwa kwenye mshahara wake zifikishwe zinakotakiwa. Na miezi ya Aprili na Mei ikilipwa, michango yake nayo iingie, kwa sababu mwezi usio na mchango unampunguzia leo na utampunguzia uzeeni.

Alikwenda wapi? Alianzia kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Sekta ya hoteli ina chama cha CHODAWU-Z, na juu yake lipo shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar, ZATUC. Mwakilishi akamfikisha kwa afisa kazi wa Kamisheni ya Kazi. Angeweza pia kupata ushauri Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na wasaidizi wa sheria wako mpaka mashamba huko. Alibeba mikataba miwili, barua yenye muhuri, kadi ya kliniki, karatasi za mshahara, cheti cha kuzaliwa mtoto na picha za ujumbe wa simu. Pande zote mbili zikaitwa. Mwakilishi wa hoteli alifungua mkataba kwenye kifungu chake cha siku 84, na afisa akamwomba amwoneshe ni wapi Sheria Na. 11 ya 2005 inasema nusu mshahara. Haikuonekana.

Wakaandikiana mapatano: 980,000 zilipwe kabla ya mwisho wa Juni, likizo itambuliwe hadi tarehe 7, michango ya ZSSF ikamilishwe. Tarehe 8 akarudi kazini.

Hapa wengi wangefunga jalada. Mimi naona hapa ndipo palipobaki hatari. Mkataba wake unamalizika 30 Juni. Mkataba wa muda maalum humalizika tarehe yake ikifika, na mwajiri halazimiki kutoa sababu kama anazotakiwa kutoa anapomfukuza mtu katikati. Mwanamke aliyedai haki yake Mei anaweza kuambiwa Juni kwa sauti ya upole kabisa kwamba mkataba umekwisha, tunakushukuru. Mapatano yale hayakusema lolote juu ya jambo hilo, na nadhani huo ni upungufu wa wote waliokaa mezani. Pangeweza kuongezwa mstari mmoja kwamba kuhuishwa kwa mkataba kutaamuliwa kwa vigezo vile vile vya wenzake, na kwamba uzazi wala madai haya hayatakuwa sababu.

Ikiwa mstari huo haupo na mkataba ukakataliwa, bado hajashindwa, lakini mzigo wa ushahidi ni mzito. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inaweka usawa mbele ya sheria, na sheria ya ajira inakataza ubaguzi kazini. Atakachohitaji ni kuonesha kilichotokea karibu yake. Mkataba wa kwanza ulihuishwa bila tabu, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kutarajia wa pili nao uhuishwe. Wenzake wa kitengo kile kile wakihuishiwa yeye akaachwa, majina na idadi yao yaandikwe. Nafasi yake ikijazwa na mtu mpya Julai, maana yake kazi ipo. Tathmini zake za kazi kabla ya mimba zitafutwe. Neno lolote la msimamizi kuhusu mtoto, hata la mzaha, liandikwe siku hiyo hiyo na tarehe yake. Kisha aende katika kitengo cha kushughulikia migogoro ya kazi kilichoundwa chini ya Sheria ya Mahusiano Kazini, ambako shauri huanza kwa usuluhishi, likishindikana huenda kwenye uamuzi, na juu yake iko Mahakama ya Kazi. Aende Julai, siyo msimu wa wageni ukiisha, kwa sababu akichelewa mwajiri atapata hoja ya muda bila kugusa kiini cha shauri.

Kwa sasa, tarehe 8 Juni, kazi yake ya kwanza baada ya kuvaa sare ni kupeleka barua ya pili: ameripoti, ananyonyesha, anaomba zamu za mchana na muda wa kunyonyesha uliopangwa, na anaomba kujua kabla ya tarehe 20 kama mkataba wake utahuishwa. Nakala mbili, muhuri, tarehe.